Bura kwa Nusu ya Mshahara

Simu ilinikuta maabara, hapa Mwingi, nina glavu mikononi na kichupa cha damu ya mtu. Namba ilikuwa ngeni. Namba ngeni huwa sizipokei, ni tabia iliyonibakia tangu ule mwaka ninaotaka kuusimulia, lakini siku hiyo nilipokea, labda kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mwanamke wa upande wa pili aliniita kwa jina langu, Mwende, akasema yeye ni Nimo, binti ya Habo Ardo wa Bura, na kwamba mama yake amefariki jana na wameshamzika. Taazia iko Garissa, nyumbani kwa Nimo mwenyewe, kama naweza kufika. Nilimpa pole, nikasema nitakuja, kisha nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa na kulia mbele ya mzee mmoja aliyekuja kupimwa sukari. Miaka kumi na sita nilikuwa nimeiogopa simu ya watu wale. Nilikuwa nimejiandaa kwa vitisho na kwa lawama, wala sikuwa nimejiandaa kukaribishwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipokwenda Bura, na kilichonipeleka ni kufuli. Chumba changu cha Nairobi kilikuwa mtaa wa Pipeline, ghorofa ya saba, dirisha likitazamana na dirisha la jirani karibu kiasi cha kupokezana chumvi. Nilikuwa mpimaji wa maabara katika hospitali ya binafsi yenye vigae vya kung'aa, na mshahara wangu kwenye karatasi ulikuwa wa kuringia. Tatizo ni kwamba haukukaa. Ulikwenda kwenye kodi, maji ya mtungi, nauli, mchango wa huyu na yule, na ikifika tarehe ishirini nakula chapati moja kwa chai ya rangi na kuwaambia wenzangu kwamba nafunga na kuomba. Msimamizi wa ploti alivaa ndara, na mwanzo wa mwezi nilikuwa nikizisikia ndara zile zikipanda ngazi, ghorofa ya nne, ya tano, ya sita, huku nimezima redio nisionekane nipo. Mara mbili nilirudi kutoka kazini nikakuta ametia kufuli lake juu ya langu, nikalala kwenye chumba cha kubadilishia nguo hospitalini. Watu hudhani woga wangu ulianzia Bura. Hapana, nilikwenda nao kwenye begi.

Kazi ile niliiona gazetini. Kliniki ndogo ya mtu binafsi, Bura ya Fafi, mashariki ya mto Tana, si ile Bura nyingine ya mashamba ya umwagiliaji iliyo ng'ambo. Mwenye kliniki, Daktari Yusuf, alinihoji kwa simu, na alikuwa mkweli kuliko waajiri wengi niliowajua. Alisema mshahara ni nusu ya huo ninaopata, na kidogo juu. Chumba nitapata kwa mama mmoja wanayemwamini, kwa kodi ambayo Nairobi ni bei ya viatu. Maziwa nitakunywa mpaka nichoke. "Huku pesa haina pa kwenda," aliniambia. Mwenzangu mmoja wa maabara alicheka mpaka akashika meza, akasema watumishi wote wa serikali wanahonga wasipelekwe huko, na mimi naomba kwenda, tena kwa nusu bei. Nilipiga hesabu mara tatu, na hata leo nasema hesabu ile ilikuwa sawa. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa na akiba ambayo Nairobi sikuipata kwa miaka minne. Nilichosahau kuweka kwenye hesabu ni woga, maana haukuwa kwenye tangazo.

Habo Ardo alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwembamba, mwenye duka la nguo sokoni. Habo kwao ni mama mdogo, na Bura nzima ilimwita hivyo. Boma lake lilizungushiwa miiba mikavu, ndani yake nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la bati, jiko la makuti pembeni, na chumba changu peke yake karibu na lango. Kilikuwa na kitanda cha kamba, neti ya buluu, mkeka, na sanduku la bati ambalo yeye mwenyewe alinipa niweke nguo zisiingie vumbi. Mchana joto lilishuka kutoka kwenye bati mpaka mshumaa ukainama. Asubuhi Nimo, aliyekuwa kidato cha nne wakati huo, alileta anjera tano, chapati za maji za kwao, kwenye sahani, zimemwagiwa samli na sukari, na birika la chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa vibuyu. Wiki ya kwanza maziwa yale yalinikimbiza chooni, na Habo Ardo alisimama mlangoni pangu akicheka bila aibu yoyote, akasema tumbo la Nairobi linaoshwa. Jioni ilikuwa wali na nyama ya mbuzi, au nyirinyiri, vipande vidogo vya nyama ya kukaanga iliyohifadhiwa ndani ya samli, na sikuruhusiwa kula peke yangu. Nikisema nimeshiba naulizwa ni nani aliyeniudhi.

Na maswali. Kila nikitoka langoni, Habo Ardo aliniuliza kwa Kiswahili chake kile kile cha sokoni: "Wewe nakwenda wabi? Narudi saa ngabi?" Nikichelewa nusu saa namkuta amesimama nje. Mdogo wake, Abti Hassan, mjomba wa Nimo, mwanamume mpole mwenye ndevu zilizopakwa hina, alikuwa akikaa kwenye kigogo mkabala na lango letu akitafuna mswaki tangu asubuhi, na nilipotoka kwenda kliniki aliinuka, akatembea njia ile ile nyuma yangu, hatua hamsini hivi, mpaka nikaingia ndani. Hakunisemesha hata siku moja. Mwezi wa kwanza nilidhani ni sadfa. Mwezi wa pili nilianza kugeuka nyuma.

Jioni moja, tukiwa kwenye mkeka, Habo Ardo aliniuliza baba yangu ni nani. Nikasema Peter. Akataka kujua baba yake Peter, na baba yake huyo, na kijiji, na soko la karibu, na kama baba ana simu. Nimo alitafsiri pale Kiswahili cha mama yake kilipoishia, akiwa amekunja miguu na kitabu cha kemia mapajani. Kwao hilo ni swali la kwanza kabisa. Mtoto wa miaka sita anaweza kukutajia mababu kumi bila kupumua, na hata wagonjwa wangu kliniki walitaka kujua mimi ni wa nani kabla hawajanipa mkono nitoe damu. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Wiki ile redio ilikuwa imesema habari za watu waliotekwa upande wa mpakani na ndugu zao kupigiwa simu za kudai fedha. Nikawaza, wanataka kujua wampigie nani. Basi nikadanganya. Nilisema tunatoka Wote, kule Makueni, baba ni Peter Kilonzo, babu ni Kilonzo wa Mbithi, na simu hana. Hakuna mtu wa hivyo, majina niliyaokota hewani. Baba yangu alikuwa na duka la vifaa hapa Mwingi, ukingoni mwa barabara kuu ya Garissa, na simu alikuwa nayo mbili. Habo Ardo aliyarudia majina yale polepole, mara tatu, kama mtu anayejifunza sura ya Kurani, akasema haye, yaani sawa, akanisogezea nyama.

Nisiwe mwizi wa fadhila, kulikuwa na siku nzuri. Kliniki haikuwa na umeme wa kuaminika, kwa hiyo nilisogeza hadubini dirishani na kutumia kioo chake kushika jua, na nilipoona vimelea vya malaria kwa mwanga wa Mungu nilijiona fundi hasa. Wafugaji walikuja na homa ya maziwa mabichi, mifupa inawauma, wakanicheka nilipowaambia wachemshe maziwa ya ngamia. Nimo alinisomea hesabu zake na mimi nikamsaidia kemia. Sikukuu ya Idd, Habo Ardo aliniletea jilbabu ya kahawia kutoka dukani kwake, akanivalisha mwenyewe, akanizungusha, akasema nimekuwa msichana wa watu. Ningeweza kukaa pale miaka kumi.

Kisha habari zikaanza kusogea. Basi moja lilisimamishwa njiani, mbali na sisi, na watu wa bara wakatengwa na wengine. Sitaeleza zaidi, kila aliyeishi huku miaka hiyo anajua yaliyofuata. Nesi wetu kutoka Meru aliondoka wiki hiyo hiyo bila kuchukua hata sufuria zake. Walimu wawili wa bara wakafuata. Nikabaki mimi peke yangu mgeni katika mtaa ule, na kila mtu sokoni alijua hivyo. Daktari Yusuf aliniita ofisini, akasema akitaka kunisafirisha atanisafirisha, lakini kwamba nilipo nipo mikononi mwa watu. Nilimuuliza watu gani. Akasema Habo Ardo anajua. Jibu lile lilinifanya nikose usingizi, maana Habo Ardo mwenyewe alikuwa amebadilika. Alifunga duka mapema. Aliacha kucheka. Usemi uliopita ukutani, wa Kisomali, ulikuwa wa chini chini, na ndani yake mara kwa mara nilisikia jina langu. Hakuna kinachotisha kama kusikia jina lako katikati ya maneno usiyoyajua. Nilianza kusukuma lile sanduku la bati mlangoni kabla ya kulala. Nilianza kwenda kliniki kwa njia ya nyuma, kupitia zizini, na siku ya kwanza nilipomponyoka Abti Hassan nilimwona baadaye akikimbia barabarani, mtu mzima yule, kofia mkononi, akinitafuta kwa macho. Nilijiambia, mtu hakimbizwi hivyo kwa wema.

Alhamisi moja alasiri wazee watatu walikuja bomani. Walikaa kwenye mkeka mkubwa, wakapewa chai, na Habo Ardo akaja kuniita. Nilitoka nimejifunga leso kichwani. Hakuna aliyenisalimia kwa mkono. Habo Ardo alisimama kando yangu, akanishika bega, akasema maneno marefu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kiapo, na ndani yake nikasikia Mwende, Peter, Kilonzo, Mbithi. Wazee wale walinitazama usoni mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama watu wanaotaka kunikumbuka. Mmoja akauliza kitu na Abti Hassan, aliyekuwa amechutama langoni, akajibu. Kisha yule mkubwa wao akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, kwa upole kabisa:

"Sasa tumekuona. Enda."

Nilirudi chumbani na kukaa sakafuni, mgongo ukutani. Nimeonyeshwa, nilijiambia. Nimeonyeshwa kama mbuzi anavyoonyeshwa mnunuzi, na majina yangu yametajwa, na wameridhika. Leo naweza kuandika sentensi hiyo na kuona aibu yake. Siku ile haikuwa na aibu, ilikuwa ni kweli tupu, kweli iliyonikausha ulimi. Chai aliyoniletea Nimo sikuigusa. Aliniuliza kama naumwa nikasema kichwa, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema pole, walaal, ndugu yangu, akaenda.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilijua saa ya kutoroka, kila mtu angeijua: saa sita na nusu Bura nzima hufunga na wanaume wote huwa msikitini, hata Abti Hassan. Habo Ardo alikuwa ndani akitia udhu. Nilivaa ile jilbabu ya Idd, nikajifunika uso nayo, nikaacha kila kitu, nguo, viatu, redio, hata cheti changu cha kazi kilichokuwa chini ya godoro, nikachukua pochi na kitambulisho tu. Nilipita sokoni mbele ya wanawake walionijua mwaka mzima, na hakuna aliyegeuka. Kwenye steji palikuwa na gari moja dogo linalosubiri abiria wa Garissa hadi ng'ambo ya daraja, limejaa kina mama na debe la samli. Dereva alinisemesha Kisomali nami nikakohoa, nikajishika kifua, na mama mmoja akamjibu kwa niaba yangu, nadhani alisema mwacheni, mgonjwa. Njia nzima, masaa yale yote ya mchanga na vichaka, nilikohoa kila nilipotazamwa. Mama yule alinipa maji yake.

Penye kizuizi cha daraja la Tana askari walitushusha sote. Mmoja alinisukuma begani kwa kitako cha tochi, akaniita majina nisiyoweza kuyaandika, akasema sisi wanawake wa Kisomali tunaficha mabomu ndani ya nguo hizi, toa kipande haraka. Nilitoa kitambulisho. Alisoma, akanitazama, akasoma tena, akaangua kicheko, akaanza kuniongelesha Kikamba na kuniuliza dada kimekupata nini. Wale kina mama wa garini walinitazama. Yule aliyenipa maji alijifunga shungi lake upya na kupanda gari. Nilivuka daraja kwa miguu, na upande wa pili nikaitoa laini ya simu na kuitupa mtoni.

Nairobi nilirudi kwenye ghorofa nyingine na ndara nyingine ngazini. Miaka ilipita, nikaja kupata kazi nyumbani Mwingi, nikaolewa, nikanenepa. Sikumweleza mtu habari ya Bura zaidi ya kusema nilikaa, kukawa na hatari, nikaondoka. Ukisema hivyo watu hutikisa kichwa na kukupongeza kwa kuwa hai.

Basi nilikwenda Garissa kwenye taazia, na sitadanganya kwamba niliacha kuogopa.  Nyumba ya Nimo iko nyuma ya soko la mifugo. Sebule ya wanawake ilikuwa imeondolewa makochi, mikeka na mito imetandazwa ukutani hadi ukutani, uvumba unafuka, kina mama wazee wanazungusha tasbihi, sinia za wali zinaingia na kutoka. Nimo amekuwa mama wa watu wanne na mwalimu wa kemia. Alinikumbatia muda mrefu, akanikalisha kando yake, akanipa chai, na ile harufu ya moshi ilinipiga puani nikaweka kikombe chini. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi kwa kuondoka bila kuaga. Aliniuliza kama sikujua mimi nilikuwa nani pale.

Nikasema mpangaji. Akasema hapana, ulikuwa magan wa mama. Alinieleza kwa upole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Magan ni mtu aliyejiweka, au aliyewekwa, chini ya mkono wa nyumba fulani. Akiguswa, imeguswa nyumba ile na ukoo mzima. Habari za basi zilipofika, mama yake alikwenda kwa wazee na kusema huyu msichana ni wangu. Wazee wakaja kuniona uso, ili mtu yeyote asije akasema hakunijua. Abti Hassan ndiye aliyepewa kunifuata njiani, tangu siku niliyofika. Nilimuuliza Nimo kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema mgeni haambiwi, maana ukimwambia unamlinda umeshamwambia kwamba kuna wanaomtaka, na mama hakutaka nilale na jambo hilo.

Ijumaa ile, kwa kuwa hakuna mtu aliyeniona nikitoka, na nguo zangu zote zilikuwa chumbani, walijua nimechukuliwa. Habo Ardo aliingia vichakani na vijana wa ukoo siku nne, akitafuta maiti yangu kila palipozunguka tai. Alirudi miguu imevimba. Alimwambia mdogo wake, mbele ya watu, kwamba alimwachia mtu mmoja tu wa kumtazama na akashindwa, na hakumsemesha tena. Kisha akasema baba ya msichana lazima aambiwe, na apewe ngamia wa damu ya mtoto wake, kwa sababu alikufa mikononi mwetu. Ukoo ulichanga. Daktari Yusuf, aliyeniajiri kwa simu tu, hakujua kwetu ni wapi, basi Abti Hassan na mzee mwingine wakapanda gari kwenda Wote, na wiki nzima walizunguka masoko ya Makueni, wanaume wawili wenye kikoi na ndevu za hina, wakati ambao watu wa bara wakiwaona watu kama wao walipiga simu polisi, wakimuulizia Peter Kilonzo wa Mbithi. Walilala rumande siku mbili. Basi lao lilikuwa limepita mbele ya duka la baba yangu kwenda na kurudi.

Nilijifunika uso kwa leso. Nilimwambia Nimo, kwa sauti ambayo kina mama wote waliisikia, kwamba majina yale niliyatunga. Mama mmoja aliendelea na tasbihi yake. Nimo alisema walishajua, muda mrefu, kwa sababu miaka miwili iliyopita aliniona kwenye Facebook, nimevaa kitenge cha zambarau kwenye harusi ya mtu, na chini yake pameandikwa Mwingi. Alimpelekea mama yake simu kitandani. Habo Ardo alikuwa na macho mabovu kwa sukari, akaisogeza mpaka ikagusa pua, akanitazama, akasema amenenepa, akamshukuru Mungu. Siku hiyo hiyo alimwita mdogo wake, akamwomba msamaha kwa miaka yote ile, wakala sahani moja.

Nilimuuliza Nimo, nikiwa nimekasirika bila haki yoyote, kwa nini basi hakunipigia wakati ule. Miaka miwili. Mwingi hadi Garissa ni asubuhi moja tu. Ningekuja, ningepiga magoti, angenisikia kwa masikio yake. Nimo alisema namba yangu aliipata wiki ile ile, na aliishika simu mkononi mbele ya mama yake.

"Mama alinikataza," alisema. "Aliniambia, usimpigie. Ataogopa."